Kompyuta ya gemu kwa laki saba: anza na stika ya pawa saplai

Kijana akija na hela yake anataka kompyuta ya gemu, la kwanza atauliza prosesa. "Niweke i5 au i7?" La pili atauliza ramu. Pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, hakuna anayeiulizia, na kasha ndiyo kabisa, kwake yeye ni bati la kufunikia tu. Mimi huwa nahesabu kuanzia huko huko kusikoulizwa. Hela ikiwa ndogo, pawa saplai na kasha ndivyo vinavyoamua utaweka kadi gani ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, na kadi ndiyo inayoamua utacheza nini. Prosesa inakuja nyuma, maana kwenye mitumba ya maofisini inayouzwa siku hizi, prosesa ya kutosha si kitu cha kutafuta kwa tochi.

Nina steshenari hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti vya watoto wa watu na kuwajazia fomu za mtandaoni. Mashine zangu zote ni zile zilizokwisha kutumika kwenye maofisi ya Ulaya na Marekani zikaingia nchini kwa makontena. Zikileta shida sina hela ya kumwita fundi kila mara, kwa hiyo nimezifungua na kuzifunga mpaka nazijua matumbo. Gemu nilianza kucheza nyumbani usiku baada ya kufunga duka, na hapo ndipo nilipoona kwamba kompyuta ya kuchapia barua na ya kuchezea mpira inaweza kuwa kasha lile lile, tofauti ni kadi moja. Ila hiyo kadi moja ina mambo.

Nitasimulia ya mpwa wangu, kwa sababu ndiyo niliyoisimamia toka mwanzo mpaka mwisho nikiwa nimeshajua ninachotafuta. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, anasubiri matokeo huku akishinda kwenye karakana ya baiskeli kule Makorora. Kidogo kidogo akaweka akiba mpaka ikafika laki saba. Mama yake, dada yangu mkubwa, hakufurahi.

"Si anunue hiyo PS ya mtumba, aichomeke kwenye tivii, mambo yaishe? Kompyuta ya nini?"

"Dada, PS ni nzuri, wala sikatai," nikamwambia. "Lakini PS haitamwandikia kazi za chuo, na bodi ikifa imekufa yote. Kompyuta kikifa kipande unabadilisha kipande."

Dada akaguna. Kuguna kwa dada yangu si kukubali, ni kuahirisha kesi.

Kabla hata senti haijatoka nilimwuliza mpwa anataka kucheza nini hasa. Akataja eFootball, GTA V, Counter-Strike, na FC, lile gemu la mpira lililokuwa likiitwa FIFA. Orodha hiyo ndiyo bajeti yenyewe. eFootball ni ya bure na haina uzito mkubwa. GTA V ilitoka kwa upande wa kompyuta mwaka 2015, kwa hiyo vifaa vya kati vya miaka ile vinaibeba bila taabu. Counter-Strike 2, iliyotoka 2023, nayo ni ya bure, ila inakamua prosesa. Mgumu ni FC. Kwa FC 24 watengenezaji walitaja GTX 1050 Ti kuwa kadi ya chini kabisa, na prosesa ya i5 kizazi cha 6. Mtu wa laki saba akisoma hivyo anajua amesimama mlangoni, hajaingia sebuleni. Nikamwambia mpwa: tutafute 1050 Ti, hizo nyingine zote utacheza kwa raha, FC utacheza kwa kupunguza kila kitu na usije ukanilaumu.

Sasa kasha. Mashine za ofisini huja kwa maumbo. Chukua Dell OptiPlex 9020, ya mwaka 2013. Ipo ndefu ya kusimama, ambayo mafundi wanaiita tawa. Ipo nyembamba ya kulaza chini ya monita. Na ipo ndogo kabisa ya kubandika nyuma ya monita. Prosesa ndani inaweza kuwa ile ile. Lakini hiyo ndogo kabisa haina pa kuchomeka kadi, na nyembamba inapokea kadi za nusu kimo tu, ambazo ni adimu, na muuzaji anajua kuwa ni adimu. Tawa inapokea kadi ya kawaida. Kinachonishangaza hadi leo ni kwamba nyembamba na tawa mara nyingi huuzwa bei zinazokaribiana, na watu wanachukua nyembamba kwa kuwa haili nafasi mezani. Kwa steshenari, sawa. Kwa gemu umejifungia mlango mwenyewe na funguo umetupa baharini. HP EliteDesk 800 G1 hadithi ni hiyo hiyo.

Hapa Tanga mashine hizo zipo, ila uchaguzi ni mdogo. Wengi tunapiga simu Kariakoo, mzigo unapanda basi asubuhi na jioni unaufuata stendi ya Kange. Kununua kwa simu ni kununua maneno, kwa hiyo mimi huomba picha. Siyo picha ya nje, ambayo kila mtu anatuma ikiwa imefutwa vumbi na kuwekewa taa. Picha ya ndani.

"Bosi, hiyo tawa ya Dell naitaka. Naomba uifungue ubavuni unipigie picha stika ya pawa saplai."

"Kaka, wewe unanunua kompyuta au unanunua stika?"

"Nanunua stika. Kompyuta utanipa nyongeza."

Akacheka, picha ikaja. Wati 290.

Mpwa alikunja uso. Amezoea kuona maboksi yameandikwa wati 500, wati 600, tena kwa maandishi ya moto. Nikamtolea kabatini pawa saplai moja isiyo na jina niliyoitoa kwenye mashine ya mteja, ubavuni imeandikwa 500W. Nikamwambia asiangalie hiyo namba kubwa, aangalie jedwali dogo chini yake, mstari wa +12V. Kulikuwa na 16A. Prosesa na kadi ya grafiksi, wale walaji wakubwa wawili, wote wanakula umeme wa volti 12. Zidisha 12 kwa 16 unapata wati 192. Hizo nyingine zilizobaki hadi 500 zimekusanywa kwenye mistari ya volti 3.3 na volti 5, ambayo kompyuta za leo zinaigusa kidogo tu, na nyingine, tuseme ukweli, zimekusanywa kwenye mdomo wa aliyechapa stika. Halafu nikampa aibebe mkononi, kisha abebe ya Dell niliyokuwa nayo dukani. Ile ya 500 ilikuwa nyepesi kama boksi la chaki. Uzito wa pawa saplai ni shaba na vipoza joto vya bati nene. Ikiwa nyepesi, kuna kitu hakikuwekwa.

Za Dell na HP hizi za ofisini, wati 290 ni 290 kweli. Nyingi zina nembo ya 80 Plus, maana yake angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa ukutani unafika kwenye kompyuta, iwe imebebeshwa mzigo wa asilimia 20, 50 au 100. Uliobaki unageuka joto, na joto la Tanga tunalo la kutosha bila kuliongezea.

Ubaya wake ni kwamba hazina ule waya wa ziada wa pini 6 unaochomekwa kwenye kadi kubwa. Wala huwezi kuing'oa ukaweka nyingine yoyote ya dukani. Kwenye OptiPlex 7020 na 9020 plagi kuu inayoingia kwenye mazabodi, ile bodi kuu, ina pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. Kwenye EliteDesk 800 G1 ni pini 6. Kuna waya wa kubadilishia unaouzwa, lakini ukishanunua pawa saplai ya maana na huo waya, laki saba inaanza kutweta. Tukakubaliana: 290 inabaki, na sharti lake tunalichukua. Kadi iwe ile isiyotaka waya wa ziada.

Tundu refu la kadi kwenye mazabodi, lile la PCI Express, linaruhusiwa kutoa hadi wati 75. Kadi zinazoishi ndani ya hizo 75 ndizo kadi za masikini, na bahati nzuri si mbaya. GTX 750 Ti ya 2014 inakula wati 60 na bado inacheza gemu za miaka ile. GTX 1050 Ti ya 2016 ina gigabaiti 4 na inafika 75. GTX 1650 ya 2019 nayo ni 75 na ina nguvu kuipita, ila bei yake ilitukimbia. Angalia picha lakini, kuna viwanda vilivyotoa 1050 Ti na 1650 zenye tundu la pini 6 juu. Jina moja, mahitaji mawili.

Watu watakuletea RX 580 na kukuambia ina nguvu maradufu kwa bei karibu na hiyo hiyo. Ni kweli ina nguvu. Nyingi zilishinda miaka usiku na mchana kwenye mashine za kuchimba sarafu za mtandaoni ndipo zikauzwa. Lakini hata ikiwa nzima, inakula wati 185 na inataka plagi ya pini 8. Ukiiweka kwenye 290 yetu, siku gemu linapamba moto mashine itazima yenyewe. Mpwa aliitamani sana hiyo. Nilimwacha aitamani.

Ipo na GT 1030, ndogo, wati 30, bei nafuu. Hiyo ina mtego. Ilitoka 2017 ikiwa na kumbukumbu ya GDDR5, halafu 2018 ikatolewa nyingine yenye DDR4 kwa jina lile lile. Ya kwanza inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili haifiki hata 17. Boksi moja, jina moja, gemu moja inaenda na nyingine inaganda.

Kadi yenyewe tuliitafuta hapa hapa mjini. Jamaa mmoja akaja nayo dukani kwangu, boksi zuri, limeandikwa GTX 1050 Ti 4GB, bei iko chini kiasi cha kumfanya mpwa aanze kupapasa mfuko. Niliigeuza nikatazama matundu ya nyuma. Moja lilikuwa la bluu, la VGA.

"Kaka, hii si 1050 Ti," nikamwambia.

"Mjomba, soma boksi!"

Boksi nimelisoma. Lakini kadi za GTX za mfululizo wa 10 NVIDIA iliziondolea njia ya analogi, na tundu la bluu ni la analogi. Ukiona 1050 Ti ina VGA, uwezekano mkubwa ni kadi ya zamani iliyoandikwa upya ndani ili ijitambulishe kwa jina la ukubwani. Na Windows itaamini, kwa sababu Windows inauliza kadi jina lake na kadi inajibu ilichofundishwa. Nikaichomeka kwenye mashine ya majaribio, nikafungua GPU-Z kutoka kwenye flashi. Ni programu ndogo ya bure, na tangu 2018 inazikamata kadi za NVIDIA zilizobadilishwa majina. Kwenye nafasi ya jina ikaandika FAKE, herufi kubwa, kwenye mabano, kabla ya hilo jina la kuazima. Yule jamaa aliinama karibu na skrini akasoma, akasoma tena. Sidhani alikuwa tapeli. Naye aliuziwa. Aliirudisha kwenye boksi polepole, akaniomba nimwekee hiyo programu kwenye flashi yake, nikamwekea.

Tuliyoipata baadaye ilitoka kwa mtu wa Chumbageni aliyehamia kwenye laptopu. Haikuwa na boksi. Ilikuwa na vumbi, na tundu la HDMI, la DisplayPort na la DVI, basi. GPU-Z ikaikubali. Tukaiacha icheze gemu zito huku tunakunywa kahawa, nikiangalia joto lisipande ovyo na picha isitoe chenga wala mistari ya rangi. Kadi mbovu nyingi zinavumilia dakika tano. Nusu saa hazivumilii. Mwenye kadi asiyekubali kusubiri nusu saa, muage kwa heri.

Hapo ndipo likaja la monita, na hili linawakuta karibu wote. Monita za mtumba za bei ya chini, zile za inchi 19, nyingi zina VGA peke yake. Kadi yetu haina VGA. Kinachotakiwa ni kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, kinachopokea ishara ya dijitali na kuitafsiri. Vile viplagi vya bei ya kutupa vya DVI kwenda VGA havifanyi kazi kwenye kadi hizi. Hata kuingia haviingii, kuna pini nne za kuzunguka ule upau bapa wa plagi ambazo tundu la kadi halina nafasi yake. Sasa mtu akikosa kigeuzi anafanya nini? Anaona nyuma ya kompyuta kuna tundu la bluu, lile la mazabodi, anachomeka monita hapo, picha inakuja, anashangilia. Nimeletewa kompyuta dukani na malalamiko kwamba kadi ni mbovu, gemu linakwama vile vile, kumbe kadi imekaa mle ndani tangu siku ya kwanza haijaonyesha hata picha moja. Nikahamisha waya. Sikuwa na moyo wa kutoza hela.

Prosesa nisiiongelee sana. Ile tawa ilikuja na i5-4590, viini vinne, na kwa 1050 Ti inatosha, ingawa kwa FC iko chini ya ile waliyoitaja watengenezaji. La kushika ni kwamba neno "i7" peke yake halisemi kitu. Tazama tarakimu ya kwanza ya ile namba ya tarakimu nne, ndiyo kizazi. i7-2600 ni ya 2011, na i3-8100 ya kizazi cha 8 inaiacha kwenye gemu nyingi ingawa mmoja anaitwa i7 na mwingine i3. Tazama na herufi ya mwisho: i5-4590T ni ndugu wa i5-4590 kwa jina, lakini mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.0 badala ya 3.3, imetengenezwa kwa ajili ya yale makasha madogo yasiyopumua.

Ramu tuliweka gigabaiti 8, mbili za 4 na si moja ya 8. Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa njia mbili sambamba. DDR3 ya 1600 ikiwa moja inapitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde. Zikiwa mbili inakuwa 25.6. Kwa mwenye kadi tofauti inaonekana kiasi. Kwa yule ambaye hela ya kadi bado, anacheza na grafiksi ya ndani ya prosesa, hiyo ramu ndiyo inayobeba hata picha, kwa hiyo moja badala ya mbili ni kumfunga mguu mmoja. Angalia tu usiuziwe ramu za seva. Zina bei tamu, zinaingia tunduni, na mashine haiwaki.

SSD mpya ya gigabaiti 240, ile diski ya kasi isiyozunguka, ndiyo kitu pekee tulichonunua kwenye boksi lililofungwa. Hadidiski ya gigabaiti 500 iliyokuja na kompyuta niliipima kwa CrystalDiskInfo, ikatoa rangi ya bluu, salama, nikaiacha iwe ghala la gemu zisizochezwa kila siku. Ingekuwa njano, ningeitoa pale pale.

Jumla, kwa bei za siku ile, kompyuta, kadi, SSD, monita, kigeuzi na nauli ya mzigo, ilibaki hela ya kununua pedi ya mtumba. Pedi hiyo kitufe cha kupigia pasi kinang'ang'ana, lakini hayo ni ya mpwa na wapinzani wake.

Kuiunganisha si kazi. Kazi ni bahari. Mashine iliyokaa karibu na chumvi, iwe Raskazone au hata huku Ngamiani upepo ukivuma, miguu ya ramu inafifia, inapata utando usioonekana vizuri. Kompyuta inapiga milio, haiwaki, mtu anaambiwa mazabodi imekufa. Mimi natoa ramu, nachukua raba ya kufutia penseli, nasugua zile pini za rangi ya dhahabu taratibu, napuliza unga wake, narudisha. Nyingi zinafufuka. Ya mpwa ilifika kutoka Dar na ugonjwa huo huo, mpwa akawa ameshaanza kumtafuta muuzaji kwenye simu kwa sauti ya ugomvi. Nikamwambia akate simu, akanunue raba. Na pesti ya joto juu ya prosesa niliibadilisha bila hata kuipima. Pesti ya zaidi ya miaka kumi inakuwa kama udongo mkavu, na hapa joto la chumbani peke yake linavuka nyuzi 30.

Jambo jingine la nyumba zetu ni ardhi. Soketi yenye matundu matatu haina maana kwamba waya wa ardhi umefika. Ukigusa bati la kompyuta ukiwa peku kwenye sakafu ya saruji ukasikia kama sisimizi wanakutembea vidoleni, ardhi haipo. Ndani ya pawa saplai kuna vichujio vinavyopitisha umeme kidogo kwenda kwenye bati, na vinautegemea waya wa ardhi uupeleke chini. Nyumbani kwa dada ilikuwa hivyo. Tuliita fundi wa umeme kabla ya kuendelea, na kwenye hilo dada hakuguna.

Windows nalo linahitaji kusemwa wazi kwa anayenunua sasa. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Mashine za kizazi cha 4 kama hii zimebaki upande wa pili wa mto. Linux, mfumo wa bure badala ya Windows, inaingia vizuri na Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, inacheza gemu nyingi humo, isipokuwa baadhi ya zile za ushindani mtandaoni zinazotumia programu za kuzuia udanganyifu. Ukiweza kuongeza hela ukapata tawa ya kizazi cha 8, mfano OptiPlex 7060 yenye i5-8500 ya viini sita, ongeza. Mwenye hela zaidi na asiye na haraka, kuna Ryzen 5 5600G ya 2021, yenye grafiksi ya ndani unayoweza kuanza nayo bila kadi kabisa, kwenye mazabodi ya kawaida na pawa saplai ya kawaida. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu anayejenga taratibu, mshahara kwa mshahara. Mpwa hakuwa na mshahara.

Kuhusu kupakua, GTA V peke yake inakula makumi ya gigabaiti, na kwa bando la simu hiyo ni hela ya kadi nyingine. Anayenunua gemu kihalali kwenye Steam na ana rafiki mwenye gemu hilo hilo, anaweza kunakili folda ya gemu kutoka kwa rafiki kwa hadidiski ya nje, kuiweka ndani ya steamapps kwake, kisha akabonyeza kusakinisha. Steam inakagua vilivyopo na kupakua vilivyopungua tu. Vijana wa hapa wanafanya hivyo, baiskeli inabeba gigabaiti mia kutoka Sahare mpaka Usagara kwa dakika chache.

Mwisho ikabaki LUKU, ambayo dada alikuwa ameitunza kwa ajili ya siku hiyo. Tulikaa nikapiga hesabu mbele yake. Mashine ikicheza, pamoja na monita, tuseme wati 170. Saa nne kwa siku ni kama uniti 0.7. Kwa mwezi, uniti 20. Nyumba yake iko kwenye tarifu ya chini, ile ambayo uniti ni shilingi 100 mpaka ufike uniti 75 kwa mwezi, ukivuka, kila uniti ya juu inazidi shilingi 300. Na yeye kwa friji, taa na tivii alikuwa anatembea kwenye 60.

"Sitini na ishirini ni themanini," dada akasema kabla sijafika huko. "Hapo mmenivusha."

Nikamwonyesha mpwa cha kufanya. Monita yake inaonyesha picha 60 kwa sekunde, haiwezi zaidi, lakini kadi kwenye gemu jepesi inatengeneza hata 120 na nusu yake inamwagika bure. Ukiifungia isivuke 60, inapumzika, feni inatulia na umeme unapungua. Dada alisikiliza yote hayo kwa adabu.

"Vizuri. Kufika sabini na tano zimebaki kumi na tano. Sasa wewe uniti zako hizo utaninunulia kila mwezi, na meseji ya tokeni nataka niione."

Mpwa akaniangalia mimi. Nikaangalia monita. Ananunua hadi leo, na saa nne zimekuwa mbili.